Kusoma Majengo ya Kale: Mozaiki za Bizanti na Nakshi za Pwani Yetu

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii uweze:
(a) kueleza mozaiki ni nini na zilitengenezwa vipi katika makanisa ya Dola ya Bizanti;
(b) kueleza nakshi za makaburi na misikiti ya kale ya Kaole na Kunduchi, pamoja na makanisa ya Bagamoyo na Zanzibar;
(c) kutumia nakshi za jengo kama ushahidi wa kihistoria katika jibu la insha.

1. Utangulizi

Mtahiniwa, ukiulizwa ueleze umuhimu wa maeneo ya kihistoria, jibu linalokuja upesi kichwani ni hili: huvutia watalii, huingiza fedha za kigeni, hutoa ajira. Hoja hizo si za uongo. Lakini jiulize: je, haziwezi kuandikwa pia kuhusu mbuga ya wanyama au ufukwe wenye hoteli? Zinaweza. Kwa hiyo hazimwonyeshi mtahini kuwa unalifahamu jengo la kale lenyewe, wala kwamba unajua linatueleza nini kuhusu watu waliolijenga.

Jengo la kale ni chanzo cha historia kama ilivyo barua au masimulizi ya wazee. Tofauti ni kwamba halisemi kwa maneno. Inabidi ulitazame, ulieleze, kisha ulitafsiri. Mada hii inakufundisha namna ya kufanya hivyo. Tutaanza mbali kidogo, kwenye mozaiki za Bizanti, kwa sababu huko utaratibu unaonekana wazi. Kisha tutarudi nyumbani: Kaole karibu na Bagamoyo, Kunduchi kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, na makanisa ya kale ya Bagamoyo na Zanzibar.

2. Maswali manne ya kuliuliza jengo

Kila unapokutana na nakshi, picha au kaburi la kale, uliza maswali haya kwa mpangilio huu:

(i) Kimetengenezwa kwa kitu gani, na kitu hicho kilitoka wapi?
(ii) Kimetengenezwa vipi, na kwa ujuzi wa nani?
(iii) Kilitengenezwa kwa ajili ya nani na kwa kusudi gani?
(iv) Kimebadilika vipi tangu siku kilipokamilika, na kwa nini?

Swali la kwanza na la pili yanakutaka utazame. La tatu na la nne yanakutaka ufikiri. Kosa kubwa ni kurukia swali la tatu kabla ya kujibu la kwanza.

3. Mfano wa kwanza: mozaiki za Bizanti

Dola ya Bizanti ilikuwa sehemu ya mashariki ya Dola ya Rumi. Makao yake makuu yalikuwa Konstantinopoli, mji ambao leo unaitwa Istanbul, nchini Uturuki. Dola hiyo ilidumu hadi mwaka 1453, mji huo ulipotekwa na Waturuki wa Osmani.

Mozaiki ni picha au nakshi inayoundwa kwa kupanga vipande vidogo vya mawe, vioo au vigae juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi. Lipu ikikauka, vipande hushikamana na ukuta. Mafundi wa Bizanti walipenda zaidi vipande vya kioo chenye rangi. Ili kupata rangi ya dhahabu, waliweka utando mwembamba sana wa dhahabu katikati ya matabaka mawili ya kioo. Dhahabu ikaonekana, lakini haikuguswa na moshi wala mikono ya watu.

Zingatia namna walivyovipanga. Hawakuvilaza sawasawa kama vigae vya sakafuni. Mara nyingi waliviinamisha kidogo, kimoja upande huu na kingine upande ule. Matokeo yake, mwanga wa dirisha au wa taa ulipopiga ukutani, kila kipande kiliurudisha kivyake. Mtu aliyetembea ndani ya kanisa aliona ukuta ukimetameta. Kwa waumini, mng'ao huo uliashiria mwanga wa mbinguni.

Mifano miwili inatosha kukumbukwa. Kanisa la Hagia Sophia lilijengwa Konstantinopoli kati ya mwaka 532 na 537 kwa amri ya Kaisari Justinian. Kanisa la San Vitale, mjini Ravenna nchini Italia, liliwekwa wakfu mwaka 547. Ndani yake kuna mozaiki maarufu za Justinian na mkewe Theodora, wakiwa na watumishi wao na vyombo vya ibada. Hapo unajibu swali la tatu: mozaiki hizo zilimtukuza Mungu, lakini pia ziliwakumbusha watu wa Ravenna nani alikuwa mtawala.

Swali la nne lina jibu zuri Hagia Sophia. Baada ya 1453 kanisa lilifanywa msikiti. Baadaye mozaiki zenye sura za watu zilifunikwa kwa lipu, kwa kuwa ibada ya msikitini haitumii picha za watu. Chokaa iliyozificha ndiyo iliyosaidia kuzitunza, na katika karne ya 20 wataalamu walipoibandua waliikuta sehemu ya kazi ya kale ikiwa bado ipo. Mabadiliko katika jengo, basi, hayafuti historia yake. Ni sehemu ya historia hiyo.

Usidhani kuwa mozaiki ni sanaa ya Wakristo peke yao. Kuba la Mwamba lililopo Yerusalemu, lililokamilika mwaka 691 au 692 chini ya Khalifa Abd al-Malik, limepambwa ndani kwa mozaiki zinazofuata ufundi ule ule. Humo hakuna sura za watu. Kuna mimea, vito na maandishi ya Kiarabu. Ufundi ni mmoja, matumizi ni mawili. Kumbuka jambo hili tunapofika pwani yetu.

4. Mfano wa pili: Kaole na Kunduchi

Kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo kuna magofu ya Kaole. Yapo mabaki ya misikiti miwili na makaburi mengi. Msikiti wa kale zaidi unakadiriwa kuwa wa karne ya 13. Mwaka 1958 mwanaakiolojia Neville Chittick alifanya ufukuaji mahali hapo. Sasa liulize jengo maswali yako manne.

(i) Kitu gani, kutoka wapi?

Kuta ni za mawe ya matumbawe. Kilichoyashikamanisha ni chokaa iliyochanganywa na mchanga. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la magogo. Paa za majengo ya mawe ya pwani zilibebwa na boriti za mikoko. Vyote hivi vilipatikana hapa hapa: mawe kutoka baharini na ufukweni, boriti kutoka kwenye mikoko ambayo hadi leo imesimama kati ya magofu na bahari.

Lakini kuna kitu kimoja kilichotoka mbali. Baadhi ya makaburi ya Kaole yana nguzo ndefu ya mawe iliyosimama upande wa kichwa. Katika nguzo hizo kulipachikwa mabakuli ya kauri. Kunduchi nako kuna makaburi ya nguzo ya karne ya 18 yaliyopambwa kwa mabakuli na sahani za kauri ya Kichina. Kauri kama hizo zilipita katika bandari za Bahari ya Hindi, mikononi mwa wafanyabiashara wengi. Majahazi yalikuja kwetu na pepo za kaskazi na kurudi na pepo za kusi.

(ii) Vipi, na kwa ujuzi wa nani?

Fundi alijenga nguzo kwa mawe na kuipiga lipu. Lipu ikiwa bado mbichi, alikandamiza bakuli ndani yake, uso wake ukitazama nje. Chokaa ilipokauka, bakuli lilishikwa imara. Linganisha na sehemu ya 3: ni kanuni ile ile ya kitu king'aacho kilichopachikwa kwenye chokaa mbichi ili kirudishe mwanga. Fundi wa Ravenna alitumia maelfu ya vipande vidogo. Fundi wa Kunduchi alitumia vyombo vizima vichache. Huna haja ya kusema kuwa mmoja alimwiga mwenzake, wala hakuna ushahidi wa hilo. Unachoweza kusema ni kwamba mafundi wa sehemu mbili za dunia walitatua tatizo moja kwa njia zinazofanana.

Tazama pia mihrabu, yaani kishubaka kinachoonyesha kibla. Katika misikiti mingi ya pwani, kingo za mihrabu zilichongwa kwa matumbawe laini yaliyokatwa baharini yakiwa bado hai. Jiwe hilo huchongeka kirahisi likiwa bichi, kisha hukakamaa likikauka. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kisiwani Unguja, una maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107. Hayo ni nakshi na ni hati kwa wakati mmoja.

(iii) Kwa ajili ya nani na kwa kusudi gani?

Kaburi la nguzo halikuwa la kila mtu. Kulijenga kulihitaji mawe, kuni za kuchomea chokaa, mafundi, na vyombo ambavyo vingeweza kuuzwa au kutumiwa mezani. Familia iliyokubali bakuli la thamani lizibwe ukutani milele ilikuwa inatangaza uwezo wake na heshima kwa marehemu wake. Hivyo nguzo za Kaole ni ushahidi wa matabaka katika jamii ya Waswahili wa kale, na pia wa imani yao, kwa kuwa makaburi hayo yamekaa karibu na msikiti.

(iv) Yamebadilika vipi?

Ukienda leo, utakachokiona zaidi kwenye nguzo nyingi za pwani ni mashimo ya mviringo. Mabakuli mengine yalitolewa yakahifadhiwa makumbusho. Mengine yalivunjika au yaliibwa. Wageni wengi hulipita shimo bila kulitazama. Wewe usilipite. Umbo la shimo linaonyesha upana wa chombo, mahali pake panaonyesha mpango wa fundi, na utupu wake unaonyesha kilichotokea pale jamii ilipoacha kulinda makaburi hayo. Shimo ni ushahidi pia.

5. Hoja kubwa: nani aliyajenga?

Wakati wa ukoloni waandishi wengi walidai kuwa miji ya mawe ya pwani ilijengwa na wageni kutoka Uajemi na Uarabuni, na kwamba wenyeji walikuwa vibarua tu. Utafiti wa kiakiolojia wa miaka ya baadaye umeonyesha kuwa miji hiyo ilikua kutoka katika vijiji vya wenyeji wenyewe, walioingia katika biashara na dini ya Bahari ya Hindi. Nakshi tulizozitazama zinaiunga mkono hoja hiyo.

Kwanza, mawe, chokaa na boriti ni vya hapa. Pili, makaburi ya nguzo ni mtindo wa pwani ya Afrika Mashariki. Huyakuti Uchina kulikotoka mabakuli, wala si desturi ya makaburi ya Uarabuni kulikotoka dini. Watu wa pwani walichukua chombo kutoka mbali na imani kutoka ng'ambo, wakatengeneza kitu chao wenyewe. Ukiweza kueleza hoja hii kwa ushahidi wa bakuli na nguzo, umefanya kazi ya mwanahistoria.

6. Mfano wa tatu: makanisa ya Bagamoyo na Zanzibar

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo kutoka Zanzibar mwaka 1868. Walianzisha misheni na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kanisa la kwanza la misheni lilijengwa mwaka 1872. Mnara wake umesimama hadi leo na huitwa Mnara wa Livingstone, kwa sababu mwili wa David Livingstone, ulioletwa na akina Chuma na Susi kutoka bara, ulilazwa hapo Februari 1874 kabla ya kusafirishwa. Kanisa kubwa zaidi la misheni hiyo lilijengwa kati ya mwaka 1910 na 1914.

Ng'ambo ya bahari, mjini Zanzibar, kuna Kanisa Kuu la Kianglikana la Kristo. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873, miezi michache baada ya soko la watumwa la mahali hapo kufungwa. Kazi ilisimamiwa na Askofu Edward Steere. Inaelezwa kuwa madhabahu yake ilijengwa mahali ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Hapa ndipo tunapozikuta mozaiki karibu na kwetu: madhabahu hiyo ilipambwa kwa mozaiki zilizotolewa na Caroline Thackeray, mwalimu wa misheni hiyo.

Jibu maswali manne na utaona tofauti na Ravenna. Ravenna, mozaiki ziko karibu na sura ya kaisari. Zanzibar, ziko mahali ambapo watu waliuzwa na kupigwa. Kitu king'aacho kimewekwa pale palipokuwa na maumivu, kusudi mahali pabadilishwe maana yake. Ufundi unafanana, ujumbe ni mwingine kabisa.

Katika kanisa hilo hilo, nguzo fupi zilizo karibu na kisima cha ubatizo zimesimama kichwa chini miguu juu. Inasimuliwa kuwa mafundi waliziweka hivyo Steere akiwa safarini. Watu hucheka wakisikia, lakini kwa mwanahistoria hilo ni jambo kubwa: linatukumbusha kuwa jengo linalojulikana kwa jina la askofu lilisimamishwa kwa mikono ya mafundi ambao majina yao hayakuandikwa.

7. Swali la mfano

"Kwa kutumia mifano ya pwani ya Tanzania, eleza jinsi nakshi za majengo ya kale zinavyoweza kutumika kama chanzo cha historia."

Aya dhaifu:
Nakshi za Kaole ni muhimu sana kwa sababu zinaonyesha utamaduni wetu na zinavutia watalii kutoka nchi mbalimbali.

Aya nzuri:
Nakshi zinaonyesha uhusiano wa kibiashara. Katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi, mabakuli ya kauri ya Kichina yalipachikwa kwenye lipu ya chokaa. Kauri hiyo haikutengenezwa Afrika Mashariki, hivyo uwepo wake unathibitisha kuwa wakazi wa pwani walishiriki katika biashara ya Bahari ya Hindi na walikuwa na mali ya kubadilishana.

Aya nzuri ina sehemu tatu: hoja, ushahidi unaoonekana kwa macho, na maelezo ya jinsi ushahidi unavyoithibitisha hoja. Panga kila hoja hivyo. Hoja nyingine unazoweza kuzipanua mwenyewe ni: matabaka ya kijamii (gharama ya kaburi la nguzo), imani (mihrabu na maandishi ya Kizimkazi), ujuzi wa wenyeji (uchongaji wa matumbawe na uchomaji wa chokaa), na mabadiliko ya kihistoria (madhabahu iliyojengwa kwenye soko la watumwa).

8. Makosa ya kuepuka

(a) Kusema kuwa mabakuli ya Kichina yanathibitisha kuwa Wachina waliishi Kaole. Bidhaa husafiri kuliko watu. Simu iliyotengenezwa Uchina ikiwa mfukoni mwako haikufanyi Mchina.
(b) Kutaja mwaka bila kusema unahusu nini. "1868" peke yake si hoja.
(c) Kusifu tu. "Jengo ni zuri na la kuvutia" halielezi chochote.
(d) Kuchanganya msikiti na kaburi. Mihrabu huwa msikitini, nguzo tunazozizungumzia ziko makaburini.

9. Ukienda kutazama

Ikiwa shule yako ipo karibu na Bagamoyo au Kunduchi, omba mwalimu awapeleke. Chukua daftari. Chagua kaburi moja tu, ulitazame kwa dakika kumi, na uandike majibu ya maswali manne kabla ya kusikiliza maelezo ya mwongozaji. Usipande juu ya kuta, usichokonoe lipu, na usiokote hata kigae kimoja cha kauri. Maeneo haya yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Zaidi ya hapo, kigae kilichookotwa na kupelekwa nyumbani hakiwezi tena kumwambia mtu yeyote kilitoka kaburi gani. Mwanafunzi atakayekuja baada yako naye ana mtihani.

10. Maswali ya kujipima

1. Eleza maana ya mozaiki na hatua za kuitengeneza.
2. Kwa nini mafundi wa Bizanti waliviinamisha vipande vya kioo?
3. Taja vifaa vitatu vya ujenzi vya Kaole na ueleze kila kimoja kilipatikanaje.
4. Toa sababu mbili zinazoonyesha kuwa makaburi ya nguzo ni kazi ya jamii za pwani wenyewe.
5. Linganisha matumizi ya mozaiki katika kanisa la San Vitale na katika Kanisa Kuu la Kianglikana la Zanzibar.
6. "Shimo ni ushahidi pia." Jadili kauli hii kwa kutumia mfano wa makaburi ya nguzo.